Tagi ya mbao ndani ya boksi: miezi 5 ya gundi na msasa

Navuka Likoni karibu kila siku, na kila feri ikisimama katikati ya mkondo kuipisha meli ya makontena, mimi sitazami meli. Natazama tagi, vile vyombo vidogo vyenye nguvu vinavyovuta na kusukuma meli kubwa. Mbili au tatu zimeng'ang'ania lile jitu kama siafu waliopata panzi. Kwa hiyo ndugu yangu anayeishi Ujerumani aliponiuliza aje na zawadi gani, nilimtumia picha ya seti ya kuunda tagi kwa mkono. Alinicheka sana, lakini aliileta. Pesa nilimrudishia: shilingi 19,000 hivi, pamoja na rangi.

Ni mfano wa tagi ya zamani ya mvuke, yenye dohani ndefu, kwa kipimo cha 1:50. Sentimita moja ya mfano ni nusu mita ya chombo chenyewe. Mfano una urefu wa sentimita 50 na ushei, basi chombo cha kweli kingekuwa mita 25 na zaidi. Ndani ya boksi mna mkuku (uti wa mgongo wa chombo) na mataruma (mbavu zake) ya plaiwudi, tayari yamekatwa kwa leza, fito za mbao laini za gamba la kwanza, fito nyembamba za sapele za gamba la pili, vikorokoro vya shaba, kamba, na kitabu cha picha. Sapele, kumbuka, ni mti wa misitu ya huku kwetu Afrika. Umekwenda Ulaya ukachanwa, ukarudi Mombasa kwa bei ya dhahabu.

Jina la kiwanda nitalisetiri, maana lawama ninazo. Mkuku ulifika umepinda. Niliulowesha kidogo, nikaulaza chini ya mtungi wa gesi siku mbili, ukanyooka. Halafu vidirisha vinne vya duara havikuwamo. Niliwaandikia, wakavituma bila malipo, ila vilichukua wiki tano na hakuna hata neno la pole.

Wiki hizo tano nilizitumia kusoma habari za tagi. Nilichokipenda ni kisa cha Charlotte Dundas, chombo cha mvuke cha William Symington. Mwezi Machi 1803, huko Uskoti, kilivuta matishali (mashua bapa za mizigo) mawili ya tani 70 kila moja kwenye mfereji, karibu kilomita 30, kwa zaidi ya saa 9, na upepo ukikipiga usoni. Kilifaulu, na bado wenye mfereji walikikataa: waliogopa mawimbi yake yatabomoa kingo. Nilijiliwaza kwamba si mimi wa kwanza kupata taabu na tagi.

Sasa kosa langu mwenyewe. Nilibandika fito za upande wa kushoto zote sita za mwanzo, nikiwa na furaha ya mtu anayeona kazi inasonga. Asubuhi yake chombo kilikuwa kimejikunja kama ndizi. Nikampelekea ami yangu, ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye majahazi. Nilimwamkia, akaitikia, akakifumbia chombo jicho moja kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma.

"Mwanangu, nani kakwambia ujenge upande mmoja?"

"Kitabu hakikusema, ami."

"Kitabu hakipandi chombo."

Tukazibandua zote sita kwa kitambaa cha maji moto, kwani gundi nyeupe ya mbao hulegea ikipata joto na maji. Baada ya hapo nilikwenda kwa zamu, ufito wa kulia, ufito wa kushoto, ili mvuto usawazike. Ndilo jambo muhimu kuliko yote katika kazi hii, na kitabu chenye kurasa za picha hakina hata mstari mmoja juu yake. Kadhalika hakielezi kwamba fito zikikaribia omo nafasi hupungua, kwa hiyo lazima kila mmoja uchongwe ncha. Tezi ya tagi nayo ni duara. Hapo nilikaa wiki tatu: kuloweka ufito nusu saa, kuukunja, kuubana kwa vibanio vya nguo (mama watoto akauliza nguo zinaanikwaje nyumba hii), kusubiri, kuvunja, kuanza tena.

Kwa sisi wa pwani kuna na suala la unyevu. Nilianza wakati wa masika. Mvua zilipokatika mbao zikakauka na nyufa zikafunguka. Nilikalafati kwa unga wa msasa uliochanganywa na gundi. Supaglu nayo, hewa ikiwa nzito, huacha ukungu mweupe juu ya mbao, basi itumie kwa shaba tu.

Walipopatia ni kwenye sitaha. Kulabu ya kuvutia wameiweka karibu na katikati ya chombo, mahali pake hasa. Wengi hudhani inakaa tezi kabisa, lakini hapo kamba ikikaza, chombo hakigeuki. Ikikaa mbele ya usukani, tezi inabaki huru kuzunguka. Dohani pia imetoka vizuri sana. Matairi ya kuzuia mgongano yalikuwa ya madini ya risasi, mabaya, nikayatupa. Nilikata vipande vya mpira wa gesi wa kupikia: kipenyo cha milimita 13, sawa na tairi la sentimita 65, nikavipaka rangi nyeusi.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kama hujawahi kuunda chochote, tafuta kwanza kamtumbwi kadogo. Na kama huna tupa ndogo, kisu kikali na kekee ya mkono, bajeti yako bado haijatimia.

Nilipoimaliza nilimpelekea ami. Sitaha, dohani, matairi, vyote hakuvitazama. Aliilaza ubavu, akapitisha kidole chini, kwenye rangi nyekundu niliyoipaka kwa siku nne, akaniuliza mbona sijatia deheni, yale mafuta yanayopakwa majahazi chini.