Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Mashine haina neno. Mkanda uliokuja nayo ndio wa kuangalia kabla hujaamini namba hata moja.

Kwenye mkanda huo pameandikwa sm 22–32. Huo ni mzunguko wa mkono, na unapimwa kwa futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko. Mkono wangu ni sm 34. Mkanda ulifunga, mashine ikajaza upepo na kutoa namba bila kulalamika, ila namba zenyewe zilikuwa juu kuliko presha halisi. Mkanda mdogo hauubani mshipa sawasawa, kwa hiyo hudai upepo mwingi zaidi, na mashine huihesabu ziada hiyo kama presha yako. Ukiwa mkubwa mno, mambo hugeuka: namba hushuka. Nilinunua wa sm 32–42, wa mtengenezaji yuleyule. Wa mtengenezaji mwingine, hata kama mpira wake wa kupitisha upepo unaingia kwenye mashine yako, uache, maana hesabu za mashine zimepangwa kwa mkanda wake.

Unafungwa juu ya ngozi, ukingo wa chini vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko, mpira ukishuka upande wa ndani kuelekea kidole cha kati. Kaza, lakini ncha za vidole viwili ziweze kupita chini yake. Shati la kubana usilikunje kwenda juu, livue.

Mashine hizi hazisikilizi mshipa kama daktari mwenye stethoskopu. Zinapima mtetemo wa upepo ndani ya mkanda unapolegea, kisha zinakadiria. Ndiyo maana ukiongea au ukikunja ngumi inaandika hitilafu, au mbaya zaidi, inatoa namba ya uongo yenye sura ya kweli. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio apime mara tatu, achukue wastani. Alama ya mapigo yasiyo na mpangilio ikitokea kwenye kioo mara moja huenda ni mtikisiko tu. Ikijirudia, mwambie daktari akupime umeme wa moyo.

Mkono uwe usawa gani na moyo, nalo wengi hawalijali. Mkanda ukiwa sm 10 chini ya usawa wa moyo, namba huongezeka kwa takriban 8. Mkono uliolala pajani tayari umeshakosea. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, miguu usiikunje nne, na mkono uwe mezani. Meza ikiwa fupi, weka mto. Kojoa kwanza. Dakika 5 za kutulia kimya, na nusu saa kabla ya hapo kusiwe na kahawa, sigara wala mazoezi.

Ratiba ninayoifuata ni siku 7: asubuhi kabla ya dawa na jioni, kila mara vipimo viwili vilivyoachana dakika moja. Siku ya kwanza naifuta, zilizobaki natoa wastani. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 umeshakuwa juu, ingawa kliniki kikomo kinachotumika sana ni 140/90. Mstari wa rangi pembeni mwa kioo cha mashine yangu hubadilika kwenye 140/90, kwa hiyo siutazami kabisa. Ukisoma 180/120, tulia dakika chache urudie. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, pumzi inakata, macho yana ukungu au upande mmoja wa mwili umelegea, nenda hospitali papo hapo. Na dozi usijipunguzie mwenyewe kwa sababu ya wiki moja nzuri.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Tofauti ikiwa kubwa na ikajirudia, tumia daima mkono wenye namba ya juu, na umtajie daktari.

Sasa kero. Mwezi wa 9 wa kuitumia, pampu ilianza kunguruma muda mrefu kisha inakata na kuandika hitilafu. Upepo ulikuwa ukivuja kwenye shingo ya mpira, pale unapoingia kwenye mashine. Chanzo ni kuuzungushia mpira kwenye mashine wakati wa kuihifadhi. Plastiki hupasuka ufa mwembamba usioonekana. Uweke legelege.

Betri nne za AA zikichoka, pampu huenda kwa kukokota na kipimo huchukua muda. Ukizibadilisha, tarehe inarudi mwanzo, na vipimo vyote vinavyofuata vinaingia na siku ya uongo mpaka uirekebishe. Kumbukumbu ni ya watu wawili. Mgeni akitaka kujaribu, abonyeze kitufe cha mtu wa pili, la sivyo wastani wako umeingiliwa.

Za kifundo cha mkono sizipendekezi, isipokuwa hakuna mkanda unaoutosha mkono wako. Na modeli yoyote kabla ya kununua itafute kwenye orodha ya STRIDE BP, yaani ya mashine za presha zilizothibitishwa usahihi wake. Kwenye boksi kila mtengenezaji huandika yake ni sahihi.