Mashine ya kupandia nyasi na boksi la miti: miezi minane nikiijenga Tsavo mezani

Nilinunua vitu vitatu kwa mpigo mmoja: mashine ya kupandia nyasi kwa umemetuli, mifuko minne ya nyasi zake, na boksi la miti ya kuunganisha mwenyewe. Duka liko Ulaya, mzigo ulinifikia Mombasa baada ya wiki tano. Ninaandika baada ya miezi minane ya kuvitumia karibu kila Jumamosi, kwa ajili ya yeyote anayetaka kujenga mandhari ya reli ndogo ya mezani yenye sura ya kwetu. Mashine naipenda na ningeinunua tena. Nyasi nimetumia mifuko miwili kati ya minne. Miti imo kabatini.

Ninachokijenga ni kipande cha reli kaskazini mwa Voi, kuelekea Tsavo, kama kilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baba alifanya kazi reli na sisi tulilelewa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Voi. Siku za likizo tulikaa kwenye tuta kungojea zile Garratt za daraja la 59, injini 34 za mvuke zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock kati ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na jina la mlima. Mount Gelai ipo hadi leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na aliyesimama kando yake anajua kwa nini mtoto hawezi kuzisahau: karibu tani 250, urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa kipimo changu cha 1:87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87, urefu huo unakuwa sentimita 36.

Ubao wangu ni sentimita 120 kwa 60, yaani mita 104 kwa 52 za nyika. Reli yetu ya zamani ilikuwa ya upana wa mita moja, na kwa kipimo hicho inakuwa milimita 11 na nusu. Reli za milimita 12 zinauzwa tayari kwa sababu ya wanaojenga Rhätische Bahn ya Uswisi, ambayo nayo ni ya upana wa mita moja. Kwa hiyo reli niliipata bila taabu. Taabu ilianzia pembeni mwa reli.

Nianze na mashine. Ni kopo la plastiki lenye mpini, ndani ya mpini kuna betri ya volti 9, na mdomoni kuna wavu wa chuma. Waya unatoka kwenye mpini ukiwa na kibanio ncha yake. Kibanio unakishikiza kwenye msumari uliochomekwa kwenye gundi mbichi. Unajaza nyuzi za nailoni, unabonyeza, unatikisa kopo juu ya gundi kwa umbali wa sentimita mbili tatu. Nyuzi zinashuka zimebeba chaji, zinafuata njia ya umeme kutoka kwenye wavu hadi kwenye gundi, na zinatua zimesimama. Mara ya kwanza kuona nyasi zinasimama wima mezani nilimwita mke wangu kutoka jikoni aje aone. Mkono wowote ungezimwaga zikalala kama makapi.

Karatasi ya maelekezo haikusema neno kuhusu joto na unyevu, na hapa Pwani hilo ndilo jambo la kwanza kujua. Nilijaribu mara ya kwanza mwezi wa Mei, mvua za masika zikiendelea, saa mbili usiku. Nyuzi zilinata zenyewe kwa zenyewe, zikaanguka mafungu mafungu kama pamba iliyolowa. Nikadhani mashine ni mbovu. Siyo. Nyuzi zikinyonya unyevu zinashikana na chaji haikai sawasawa. Sasa naanika nyuzi juani kwenye sinia kwa saa nzima, nazihifadhi ndani ya chupa yenye mfuko mdogo wa mchele mkavu, na nafanya kazi saa nane mchana, madirisha ya upande wa bahari yakiwa yamefungwa. Tofauti yake ni kubwa mno.

Joto hilohilo linakausha gundi upesi, na gundi ikikauka haipitishi umeme wala haishiki nyasi. Hivyo napaka eneo la ukubwa wa kiganja tu, napanda, ndipo nasogea. Gundi ni ile nyeupe ya maseremala, nusu kwa nusu na maji, na tone moja la sabuni ya vyombo ili isijikusanye kama matone juu ya vumbi. Jihadhari usiguse wavu na msumari kwa pamoja. Mkondo ni mdogo na hautakudhuru ukiwa mzima wa afya, lakini unauma, na mwenye kifaa cha moyo asiishike kabisa mashine hii.

Sasa nyasi zenyewe. Mifuko miwili ilikuwa ya kijani cha malisho ya Ulaya, kijani kilichoshiba maji. Niliitumia kwenye kona moja nikarudi kuikwangua yote kwa kisu. Tsavo huwa na kijani hicho labda wiki chache baada ya mvua, na hata hapo kinachungulia kati ya manjano ya mwaka uliopita. Mifuko miwili ya rangi ya majani makavu ndiyo iliyonifaa: mmoja wa milimita 2, mwingine wa milimita 6. Piga hesabu kabla hujanunua. Milimita 6 mara 87 ni nusu mita, nyasi ya magotini. Milimita 2 ni sentimita 17, nyasi iliyokwisha kuliwa na wanyama. Za milimita 12 zinapita mita moja, na zikitapakaa kila mahali zinaifanya nyika ionekane kama shamba la ngano.

Kwa mafungu marefu nilikwenda sokoni Kongowea nikanunua kamba ya mkonge. Fumua, kata vipande vya milimita 15, toboa kishimo kwa msharasi, chovya fungu kwenye gundi na ulipande. Rangi ya mkonge ni rangi ya nyasi kavu kabisa, haihitaji kupakwa chochote. Kamba ya mita mbili imenitosha ubao mzima na bado imebaki. Nikiwaza kwamba kutoka Voi hadi Mwatate kuna mashamba ya mkonge, naona raha kwamba nyasi za ubao wangu zimetoka kwenye mmea ambao treni zenyewe ziliupita.

Boksi la miti ndilo lililonihuzunisha. Ndani kuna vigogo vya plastiki laini unavyovikunja upendavyo, na mfuko wa povu la kijani la kubandika. Plastiki ni nzuri, povu ni zuri, rangi haichujuki. Lakini kila kigogo kinapanda juu kwanza ndipo kinagawa matawi, na ukikivisha majani unapata mti wa mviringo kama wa bustani ya Uingereza. Mgunga haukui hivyo. Mgunga unagawanyika karibu na ardhi, matawi yanapanda kwa kuachana kama njiti za mwavuli, kisha juu kabisa yanajitandaza bapa. Niliukunja ule wa plastiki jioni nzima, haukukubali.

Nikarudi kwenye waya wa umeme wa shaba, ule wenye nyuzi nyingi ndani. Chukua nyuzi ishirini za sentimita 15, zisokote pamoja sentimita mbili tu za chini, halafu zigawe mafungu matatu, kila fungu ulisokote kidogo na uligawe tena, mpaka ncha zibaki uzi mmoja mmoja. Mti wa mita 10 unakuwa sentimita 11 na nusu. Paka gundi iliyochanganywa na unga wa mbao uliochekechwa, mara mbili, kisha rangi ya kijivu yenye kahawia kidogo. Kwa majani nilitumia pamba ya kujazia mito: ivute mpaka uone vidole vyako upande wa pili, ikate vipande bapa, ipulizie rangi nyeusi iliyofifia. Pachika tabaka mbili au tatu juu ya ncha za waya, pulizia sprei ya nywele, nyunyiza povu laini kwa chujio la chai. Hapo ndipo mfuko wa povu ulipopata kazi, ingawa niliuchanganya na kijivu kwanza. Mwangaza lazima upenye. Mgunga usioonyesha mbingu katikati ya matawi ni uyoga.

Mbuyu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, maana sehemu kubwa ya mwaka hauna jani hata moja. Kiini cha waya, juu yake karatasi ya chooni iliyolowekwa kwenye gundi, tabaka baada ya tabaka, mpaka unene ukae sawa. Rangi si kahawia. Ni kijivu chenye wekundu wa mbali, hasa jua la jioni likiupiga. Na mibuyu ya Tsavo ina makovu: tembo huchana magome yake, na wakati wa ukame wa 1970 na 1971, tembo walipokufa kwa maelfu, waliichana mingi mpaka ikaanguka. Nimeweka mmoja uliolala, umepasuka katikati, nyuzi zake zikionekana. Nilitumia tena mkonge.

Udongo sikuununua. Mpwa wangu aliniletea kilo mbili kutoka Voi. Niliukaanga kwenye sufuria kuua wadudu, nikauchekecha kwa chujio, kisha kwa soksi ya kike ya nailoni ili nipate vumbi laini kabisa. Hatua inayofuata usiiruke: funga sumaku kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe ndani ya udongo mara nyingi. Yangu ilitoka na chembe nyeusi zimeganda kama nyuki. Chembe hizo ni za chuma, na mota za injini ndogo zina sumaku. Zitavutwa ndani na kuzila gia.

Kuna mambo mawili ya rangi niliyojifunza kwa kuharibu. Udongo ukilowa gundi unabaki mweusi-mweusi hata ukikauka, kwa hiyo nyunyiza vumbi kavu juu mwishoni kabisa, kisha upulize lililozidi. Na wekundu halisi wa Voi, ukiwa mezani chini ya taa, ni mkali kupita kiasi. Macho yamezoea kuuona kupitia mita mia za hewa na vumbi. Nilichanganya sehemu tatu za udongo na moja ya majivu, ndipo ukatulia.

Mtu akiniuliza atumie pesa wapi, namwambia mashine, na nyasi za rangi kavu, basi. Povu mfuko mmoja wa kijani kilichofifia utakaa miaka. Na akishaipata mashine aizuie mikono yake, kwa sababu inapendeza kuitikisa na atajikuta ameutandika ubao wote kama zulia. Nyika ni ardhi tupu yenye mafungu ya nyasi.

Nilidhani nimelielewa hilo vizuri. Mwezi uliopita kaka yangu, aliyekuwa kwenye genge la kutunza njia ya reli kabla ya kustaafu, alikuja kuuona ubao. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na reli, akakaa kimya kitambo.

"Mdogo wangu, miti hii ni yenyewe," akasema. "Lakini nyasi hizi zilizofika kwenye mataruma, nyapara wetu angezifumbia macho?"

Nikamwambia, "Kaka, mlifyeka mpaka wapi?"

Akaweka vidole vitatu mezani, kuanzia pembeni mwa reli. Nilileta kibanio na kisu, tukavuta viti viwili, yeye akashika upande wa Nairobi na mimi upande wa Mombasa, tukaanza kung'oa.