Uzoefu wangu: themokapo (kipuri kidogo cha usalama wa gesi) ya dola 24 kwenye hita ya maji ya gesi ya trela (nusura nilipe dola 2,300)

Jamani mimi naishi kwenye trela, zile nyumba zinazoundwa kiwandani halafu zinaletwa kwa lori, pembeni kidogo ya Columbus, Ohio, na Januari ya huku sio ya kuchezea. Jumamosi asubuhi nasikia mke wangu anapiga ukunga bafuni, nikakimbia nikidhani kaanguka, kumbe maji yamegeuka barafu na yeye kichwa kimejaa povu la shampuu. Dar maji ya baridi ni raha ya mtu, huku yanakufanya meno yagongane.

Hita yetu ni ya gesi, galoni 30, na iko kwenye kabati lake ambalo mlango unafungukia nje, yaani ukitaka kuiona unavaa koti, unazunguka nyuma ya nyumba, unafungua skrubu nne kwenye theluji. Nikachungulia kile kidirisha cha kioo chini, giza totoro. Pailoti, kale kamoto kadogo kanakowashia hita, imezima. Nikafuata maelekezo yaliyobandikwa ubavuni, nikafunga gesi nikasubiri dakika tano, nikanusa mpaka chini sakafuni, hamna harufu, nikabonyeza nobu huku napiga kile kitufe cha cheche na kamoto kakawaka vizuri tu. Nimeishikilia nobu dakika nzima mpaka kidole gumba kimekufa ganzi. Naachia tu, pap, kamezima. Mara sita hivyo hivyo.

Nikaita kampuni moja ya mabomba, jina naliacha. Kijana kaja, kamulika tochi dakika kumi hazikufika, kasema hita ya 2011 hiyo imeshazeeka haifai kutengenezwa, mpya na kufunga ni dola 2,300, na kwa kuja kwake tu nimelipa 89. Hakufungua hata skrubu moja ya hita yenyewe. Nikamuuliza mbona hita madukani naziona dola mia tano na kitu, akasema hita za trela ni za aina yake, sio hizo. Nikamuona tapeli.

Nikampigia shemeji yangu wa Dayton akaniambia "Shem usiibiwe, hita ni hita tu, kuna mtu anauza yake iliyotumika 150 nakuletea jioni na pikapu." Nusura nikubali. Bahati jirani yangu, mzee wa Kimeksiko aliyefanya kazi miaka mingi ya kusimika hizi trela, alikuwa anapiga koleo theluji yake akasikia, akaja kunivuta mkono mpaka kwenye kabati akanionyesha lebo, kwamba hii imeruhusiwa kufungwa kwenye nyumba za aina hii. Halafu akanionyesha kwamba hewa ya kuunguza gesi inavutwa kutoka nje, inapita chini ya sakafu, na moshi unatoka juu ya paa, hewa ya ndani ya nyumba haihusiki kabisa. Ile ya kawaida inavuta hewa hapo hapo ilipo, na trela ni ndogo na imebana, moshi ukirudi ndani unalala na karboni monoksidi wewe na watoto, na gesi hiyo haina harufu wala rangi. Sheria ya Marekani ya hizi nyumba, ile iliyoanza Juni 1976, inataka hivyo. Kwa hiyo yule kijana kwenye hilo alisema kweli, nilimtukana bure. Shemeji nikamwambia pikapu ipumzike.

Sasa mzee akasema hiyo ni themokapo tu. Ni kijiti cha metali chenye mkia mrefu kama waya, ncha yake inakaa ndani ya moto wa pailoti, ikipata joto inatoa umeme kidogo sana, milivolti 20 hadi 30 hivi, na huo umeme ndio unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Moto ukizima inapoa, umeme unakatika, vali inajifunga, ndio maana nyumba hailipuki. Ikichoka hata kama moto upo vali inadhani haupo. Kumbe ndio mchezo themokapo iliokuwa inanichezea siku nzima.

Nikaenda dukani nikanunua ile inayoandikwa inafaa hita zote, dola 12. Hapa ndio nataka msome vizuri. Nimefunga gesi, nimeweka spana malaya kwenye nati ya themokapo pale inapoingia kwenye vali, navuta kushoto, haiendi. Navuta kwa nguvu, haiendi, vidole vimekuwa vyekundu kwa baridi, nikaanza kuogopa nitaivunja vali nzima. Mzee yuko nyuma yangu anacheka. "Amigo, al revés." Nati ya hii hita nyuzi zake ziko kinyume, inafunguka ukizungusha kulia! Nimezungusha kulia robo tu ikaachia laini kama kifuniko cha soda. Na maana yake ni kwamba ile ya dola 12 nyuzi zake ni za kawaida na haiingii ng'o. Nikairudisha, nikawasomea namba ya modeli na siriali kutoka kwenye lebo, wakaniagizia yenyewe dola 24, imefika Jumatano. Siku nne hizo tunachemsha maji kwenye sufuria kama tuko kijijini, watoto wamefurahia kuoga kwenye beseni kuliko kawaida.

Kubadilisha kwenyewe ni saa moja na nusu kwa mtu asiyejua. Inabidi utoe mlango wa chini pamoja na bana yote, yaani kile kichomeo cha gesi, taratibu maana kuna gasketi pale, ule mpira wa kuziba, ikichanika inunuliwe nyingine. Ndani nilikuta vumbi na utando wa buibui umeziba njia ya hewa, si inatoka uvunguni, wadudu wanahamia humo. Nikasafisha kwa brashi ya kupakia rangi. Nikafunga kila kitu, nikafungulia gesi, nikapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo nilichogusa, kimoja kikatoa vipovu vidogo vidogo nikakikaza tena mpaka vikaisha. Hapo usiwe mvivu, na ukisikia harufu ya gesi, toka nje kwanza ndipo upige simu kwa watu wa gesi, usijifanye fundi. Pailoti ikashika mara ya kwanza, bana ikawaka kwa mvumo ule, moto wa bluu.

Kwa kifaa chenyewe natoa nyota nne, moja nimekata kwa sababu karatasi ya maelekezo haisemi popote kuhusu nati ya kinyume. Kampuni ya mabomba nyota mbili, moja ya kuja kwa wakati na moja ya ukweli kuhusu hita za trela. Mzee nilimpelekea sinia la pilau, kachumbari aliisukuma pembeni eti haina pilipili ya kutosha.

Wiki ya saba sasa haijazima hata ile siku ya upepo. Skrubu moja ya mlango wa kabati imeliwa na kutu, nimeishikiza na gundi ya utepe mpaka baridi ipungue nitoke.