Uzoefu wangu na AC ya inveta chumbani: ukubwa, umeme inaokula na ufungaji

Wadau naona watu wengi wanauliza AC brand gani nzuri, wanataka watajiwe jina tu waende Kariakoo wakabebe. Mi niko Kigamboni, nimefunga chumbani ya inveta, BTU 12,000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya kupooza), gesi yake R32, na imenivusha kaskazi yote Desemba mpaka Machi, kile kipindi hata saa nane usiku shuka linagandana na mwili. Nimeipenda sana. Ila jina la brand mi naliweka la mwisho kabisa, kwanza chumba, halafu umeme, na kubwa kuliko yote ni fundi atakayeifunga.

Chumba changu ni kama mita 4 kwa 4, juu mabati, siling ya jipsam, dirisha limeangalia magharibi kwa hiyo jua lote la jioni linamalizikia humo. Dukani walikuwa wananipa ya 9,000 wanasema inatosha. Ingekuwa chumba cha hivyo kwenye ghorofa, juu kuna zege na watu wengine wanakaa, ningeichukua, lakini chini ya bati ingekesha inahangaika na digrii isifike. Na wale wanaosema chukua kubwa tu ya 18,000 upoe haraka nao sikubaliani nao, inapooza fasta inazima kabla haijavuta unyevu, unabaki kwenye ubaridi wa majimaji, na sisi watu wa pwani kinachotutesa ni unyevu kuliko hata hilo joto lenyewe.

Kuhusu umeme, AC ya kawaida kompresa, yaani ile pampu inayosukuma gesi, inawaka kwa nguvu zote, inazima, inawaka tena, ya inveta ikishafika digrii uliyoweka inapunguza tu mwendo na kuendelea taratibu. Nimekuwa nasoma mita ya LUKU usiku kabla ya kulala na asubuhi, naiweka 26 na feni ya kusimama pembeni, inakula uniti kama 3 hadi 4 kwa usiku mzima. Kwa tulio kwenye ile tarifa ya uniti karibu shilingi 356 hiyo haifiki hata 1,500. Ukiweka 18 kama ofisi za watu usinitaje. Ila niseme ukweli, kama AC ni ya sebuleni unawasha lisaa limoja wageni wakija, ile hela ya ziada ya inveta itachukua muda mrefu sana kurudi. Mi sebuleni nimebaki na pangaboi na sina shida.

Sasa fundi. Hapa ndo watu wanaumia halafu lawama anapewa mtengenezaji. Fundi wa kwanza niliyeletewa na duka nikamuuliza una vakyumu pampu, ile ya kunyonya hewa yote kwenye paipu kabla ya kuachia gesi? akaniambia haina haja, tunaachia gesi kidogo inasukuma hewa inatoka. Nikakataa hapohapo. Hewa na unyevu vikibaki kwenye paipu vinaharibu ufanisi, na ule unyevu ukikutana na oili ya kompresa unatengeneza asidi, inaila mashine pole pole kwa ndani, wewe unaona tu mwaka wa pili haipoozi na unaambiwa gesi imeisha. Gesi ya AC haiishi kama ya kupikia jamani, ikipungua ujue kuna mahali inavuja, azibe kwanza ndo ajaze! Tena hii R32 inaweza kushika moto, kuiachia ovyo hewani sio mchezo. Nikatafuta fundi mwingine mwenye pampu na geji zake, akavuta karibu nusu saa, akafunga valvu tukakaa tunaangalia mshale kama utarudi, haukurudi, ndo akaachia gesi. Alichaji zaidi na nililipa kwa moyo mweupe.

Paipu dai za shaba, zile za aluminiamu kwa chumvi ya bahari huku hazidumu. Mashine ya nje iweke upande wa kivuli usiotazama bahari, na uwe unaisuuza kwa maji ya kawaida. Gadi ya umeme usikose, iwe ile inayochelewesha dakika chache umeme ukirudi, maana ule wa kurudi kwa kishindo ndo unaoua bodi, ile sakiti inayoongoza AC. Chujio la ndani naosha mwenyewe, linatoka tu.

Yangu ina na upande wa joto, Dar sijawahi kuugusa. Lakini ndugu zangu wa Njombe na Makete, Juni na Julai mnajua wenyewe, na watu bado wanalala na jiko la mkaa ndani, ile hewa yake haina harufu na inaua familia nzima usingizini. AC ya joto na baridi haitengenezi joto kwa kuchoma koili, inalivuta kutoka nje, kwa uniti 1 ya umeme unaweza kupata joto la kama uniti 3, wakati hita ya koili inakupa 1 kwa 1. Mwenye uwezo huko aifikirie kweli, ila asome boksi kabla hajalipa, madukani zipo nyingi zinazotoa ubaridi tu.