Slaidi ya Agilent ya 8x60K: uzoefu wangu wa kupima jeni

Slaidi hii ni kioo chenye madoa ya DNA yanayonasa RNA ya kila jeni, ili mng'ao wa doa uonyeshe jeni inafanya kazi kiasi gani. Yenyewe sina ugomvi nayo. Kazi huharibikia kwenye RNA kabla hujaigusa, au kwenye kuosha.

Ina vyumba 8, sampuli moja kila chumba, na kila chumba kina madoa kama 60,000 ya DNA ya herufi 60. Natumia rangi moja tu ya kung'aa, Cy3. Rangi ya pili, Cy5, huliwa na ozoni ya hewani. Siku ya jua kali huweza kufifia bila kosa lako.

RNA ya nanogramu 25 hadi 200 inatosha, ila yenye RIN (alama ya uzima wa RNA, 1 hadi 10) chini ya 7 siipi nafasi. Uwiano wa 260/280, kipimo cha usafi kwa mwanga, usikudanganye: hata RNA iliyokatikakatika hutoa 2.0 safi. Ukishainakili na kuipa rangi (nakala hiyo huitwa cRNA), pima tena. Ikikosa pikomoli 6 za Cy3 kwa maikrogramu, rudia hatua hiyo, maana slaidi ni ghali kuliko siku ya kazi.

Kukata cRNA vipande ni nanogramu 600, nyuzi 60, dakika 30 kamili. Ukipitiliza, vipande huwa vifupi mno, havishiki vizuri. Bafa ya kuchanganyia ina povu jingi, kwa hiyo changanya taratibu kwa pipeti. Weka maikrolita 40 kila chumba cha kioo cha chini chenye kuta za mpira, kisha laza slaidi juu yake, maandishi ya Agilent yakitazama chini. Ukishakaza kibanio, kisimamishe ukizungushe: kiputo lazima kitembee. Kikiganda, gongagonga, ukikiacha kitaacha duara jeusi kwenye picha. Halafu oveni, nyuzi 65, saa 17, mizunguko 10 kwa dakika.

Fungulia slaidi ndani ya bafa ya kwanza, si hewani. Dakika moja humo, dakika moja kwenye ya pili yenye nyuzi 37, kisha ivute polepole itoke kavu. Bafa ya pili ipashe tangu jana yake pamoja na chombo chake. Chombo baridi hushusha joto, na mandharinyuma yote hung'aa.

Slaidi hii haioni jeni ambayo haikuchapishwa juu yake. Kiumbe asiye na jenomu iliyosomwa, mpeleke kwenye kusoma RNA moja kwa moja. Kwa panya 24 na jeni zinazojulikana bado naichagua: limma, programu ya takwimu, humaliza hesabu kwenye laptopu ya kawaida. Ila wagonjwa wote usiwaweke slaidi moja na wazima nyingine. Tofauti ya slaidi na tofauti ya ugonjwa zikishachanganyika hivyo, hakuna programu itakayozitenganisha.