Seva ya DDR4 au ya DDR5? Ipi ununue kwa sasa

Piga hesabu ya RAM kwanza, prosesa baadaye. Tuko katikati ya mpito wa vizazi vya RAM: DDR4 inaondoka, DDR5 inaingia, na vijiti vya RAM vya kizazi kimoja haviingii kabisa kwenye ubao wa kingine. Juu ya hapo, bei za memori zilipaa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye memori ya mitambo ya akili mnemba. Kwa hiyo prosesa ya bei chee inaweza kukufunga kwenye RAM inayokula bajeti yote.

Nimepanga prosesa hizi nikiwa na ofisi ya kawaida akilini: mfumo wa uhasibu, mafaili ya pamoja, hifadhidata, na mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja) kumi hivi. Soketi ni nafasi ya kuwekea prosesa kwenye ubao.

1. AMD EPYC 7002 na 7003 (soketi SP3)

Namba moja kwangu, hata ikiwa ya mtumba. Ya 7002 ilitoka 2019, 7003 ikafuata 2021. Prosesa moja inakupa chaneli 8 (njia za data kati ya RAM na prosesa) za DDR4-3200 na njia 128 za PCIe 4.0, zile za kuunganisha diski na kadi, yaani unajaza diski za kasi za NVMe na kadi za mtandao bila kulazimika kununua prosesa ya pili. Chipseti ya pembeni, ile chipu ya ubao inayounganisha vifaa na prosesa, haina. Kazi hiyo inafanywa ndani ya prosesa yenyewe.

Usidanganyike na wingi wa viini (core, sehemu za prosesa zinazofanya kazi). Windows Server inauzwa leseni kwa hesabu ya viini, na kima cha chini ni 16 kwa seva, kwa hiyo ukichukua prosesa ya viini 32 bili ya leseni inakuwa mara mbili. Mimi ningetafuta 7302P au 7313P: viini 16, wati 155. Hiyo P mwishoni inamaanisha prosesa inafanya kazi ikiwa peke yake tu, haiwekwi mbili kwenye ubao mmoja.

Mtego uko hapa. Baadhi ya watengenezaji wa seva huwasha ulinzi unaoifunga EPYC kwenye chapa yao. Mara seva inapowaka, prosesa inachomwa alama ya kudumu ndani yake, na kuanzia hapo haiwaki kwenye ubao wa chapa nyingine. Hakuna programu ya kuifungua. Ukiitazama kwa macho haina tofauti na nyingine, na muuzaji anaweza kuwa hajui lolote. Nunua prosesa na ubao vikiwa pamoja, na udai uone vikiwaka pamoja kabla hujatoa hela.

2. EPYC 4004 na 4005 (soketi AM5)

Kama 192 GB za RAM zinakutosha, na ofisi nyingi zinawatosha, hii inaweza hata kupanda namba moja. Ya 4004 ilitoka Mei 2024, 4005 mwaka mmoja baadaye. Kimsingi ni Ryzen iliyothibitishwa kwa kazi za seva: hadi viini 16, chaneli 2 za DDR5. Zipo za wati 65, na umeme ukikatika UPS yako itakushukuru. Mpinzani wake, Xeon E-2400 ya Intel, ameishia viini 8, simuoni akishinda.

Angalia RAM yake vizuri. Inataka UDIMM (kijiti cha aina ya kompyuta za kawaida) yenye ECC, yaani inayogundua na kusahihisha makosa ya data. RDIMM, vijiti vya seva kubwa, hazikai kwenye nafasi yake. Na muuzaji akikwambia "DDR5 zote zina ECC", mwombe akishike kijiti ukione. Ile ECC ya ndani ya chipu hailindi data inaposafiri kwenda kwenye prosesa. Hesabu chipu za memori upande mmoja: kijiti cha kawaida mara nyingi kina 8, cha ECC kina 9 au 10.

3. EPYC 9004 na 9005 (soketi SP5)

Mashine nzuri kweli, lakini ina chaneli 12 za DDR5. Ukiweka vijiti viwili umelipia barabara ya njia kumi na mbili na kupita kwenye mbili. Inunue ikiwa hifadhidata yako ni nzito na pesa ya kujaza vijiti vyote 12 ipo. Faida yake ni kwamba vizazi viwili vinatumia soketi moja, ila hakikisha ubao wako umetajwa kuunga mkono 9005. Xeon kizazi cha 4 na cha 5, za LGA4677, naziweka papo hapo chini yake; zina AMX, amri za ndani ya prosesa zinazosaidia kuendesha modeli za akili mnemba bila GPU (kadi ya michoro).

4. Xeon kizazi cha 3 (LGA4189)

Chaneli 8 za DDR4, njia 64 za PCIe 4.0. Haina ubaya. Ikiwa bei yake iko chini ya EPYC 7003, chukua.

5. Xeon Scalable kizazi cha 1 na cha 2 (LGA3647)

PCIe 3.0, chaneli 6, kwa hiyo nunua vijiti sita na si vinane. Inafaa kwa bekapu.

Xeon E5 v2 achana nayo. Haina AVX2, seti ya amri za prosesa, na Red Hat Enterprise Linux 10 ya mwaka 2025 haiikubali. E5 v3 na v4 zinayo. Kama tayari unazo, ziendelee na kazi, lakini kununua nyingine leo, hapana.