Kutoka dishi kwenda intaneti: njia tano za kuangalia tivii nyumbani, kuanzia ninayoipendekeza zaidi

Kabla sijazima king'amuzi cha dishi nyumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam, nililipia dishi na intaneti kwa pamoja miezi mitatu mizima. Iliniuma mfukoni, lakini nilitaka kujua jambo moja: humu ndani tuko sita, nani anatazama nini, na akihamia intaneti atakipata au atakikosa? Mama yangu ana tamthilia zake za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Watoto wana katuni. Mke wangu ana taarifa ya habari ya saa mbili usiku na filamu zake watoto wakishalala. Mimi na shemeji yangu ni mpira. Mpangilio ninaoutoa hapa umetokana na miezi hiyo.

Wengi huanza na swali la "nilipie Netflix au ipi?" Nakuomba swali hilo uliache mwisho. Huduma hizo za filamu za mtandaoni utazibadilisha mwezi ujao ukiwa umekaa kitini. Intaneti ukiikosea, kila unachokilipia juu yake utakiona kinazunguka tu kwenye kioo.

Anza na hesabu ya GB

Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya ubora wa kawaida hula kama GB 0.7 (gigabaiti, kipimo cha data) kwa saa, HD, yaani picha kali, hufika GB 3, na 4K, iliyo kali zaidi, hufika GB 7. Sasa chukua nyumba inayowasha tivii saa nne kwa siku, ambazo kwa nyumba yenye watoto ni chache. Ukitazama HD ni GB 12 kwa siku, yaani GB 360 kwa mwezi. Ukishusha ubora hadi wa kawaida ni GB 84. Fungua menyu ya mtandao wako sasa hivi, angalia bei ya GB 84, kisha ulinganishe na unachokilipia dishi. Kwa nyumba nyingi hesabu inaishia hapo: bando la kawaida la simu haliwezi kuchukua nafasi ya dishi.

Ndiyo maana nasema, muuzaji akikutajia kasi, wewe muulize kikomo. Kasi inayohitajika si kubwa kama matangazo yanavyofanya ionekane. Kwa viwango vya Netflix, Mbps 3 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) zinatosha HD ya 720p, Mbps 5 zinatosha ile kali zaidi ya 1080p, na 4K inataka 15. Laini ya Mbps 20 isiyoyumba inabeba tivii mbili na simu za nyumba nzima. Lakini "isiyo na kikomo" nayo ina maana nyingi. Zipo laini ambazo ukipita GB fulani kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi, na kipengele hicho huitwa matumizi ya haki. Uliza wanashusha baada ya GB ngapi na wanashusha hadi Mbps ngapi, na jibu likufikie kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp.

Nafasi ya kwanza: faiba, pamoja na king'amuzi cha antena

Ikiwa waya wa faiba, ule unaopitisha intaneti kwa mwanga, unapita mtaani kwako, usihangaike na kingine. Tanzania kuna TTCL na Faiba Mlangoni yao, kuna Zuku na kampuni nyingine zinazofika mitaa michache. Kenya kuna Safaricom, Zuku na Faiba ya Jamii Telecommunications, na Nairobi na Mombasa ushindani huo umewasaidia wateja sana. Unalipa kiasi kilekile kila mwezi hata watoto wakiacha katuni ikijicheza yenyewe mchana kutwa.

Usiamini ramani ya kampuni peke yake. Mimi niliahidiwa kuunganishwa ndani ya siku tatu, nikasubiri wiki tano, kwa sababu kisanduku cha nguzo ya karibu kilikuwa kimejaa. Jirani aliyeunganishwa tayari ndiye atakayekuambia ukweli. Mwulize laini inakatika mara ngapi kwa mwezi, na ikikatika fundi anafika baada ya siku ngapi. Kisha nenda kwake saa mbili hadi saa nne usiku, ambapo mtaa mzima uko mtandaoni, upime kasi hapo. Kipimo cha saa nne asubuhi hakikuambii lolote.

Kwa nini naongeza antena? Kwa sababu ya habari na siku za dharura. Kwa king'amuzi cha antena, chaneli za kutazama bure kama TBC1 na ITV zinaendelea kuonekana hata kifurushi kikiisha, na hazili GB hata moja. Wenye kumbukumbu hawajasahau Agosti 2018, pale TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipotaka chaneli hizo ziondolewe kwenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia kwa sababu leseni za kampuni za ving'amuzi hivyo hazikuziruhusu kuzionyesha. Waliokuwa na antena hawakukosa kitu. Vituo vingi vinarusha matangazo yao mubashara YouTube pia, Citizen ya Kenya ikiwa mfano mzuri, lakini faiba ikikatika usiku wa matokeo ya uchaguzi utaishukuru antena.

Nafasi ya pili: kubaki na dishi, na kuongeza intaneti kidogo kidogo

Najua wapo watakaoshangaa kuiona njia hii juu hivi. Sababu ni mpira, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia.

Mwaka 2021 Azam Media na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, walisaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania. Maana yake, anayetaka Simba na Yanga kila wiki anakwenda Azam, awe na dishi, antena au programu yao ya AzamTV Max. Hakuna huduma ya Marekani itakayokuletea dabi ya Kariakoo. Ligi Kuu ya Uingereza nayo kwetu ipo SuperSport, ambayo ni ya DStv. Programu ya DStv Stream inafuata kifurushi ulicholipia, na Machi 2022 akaunti moja iliwekewa kikomo cha kuonyesha mubashara kwenye kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Kwa kikomo hicho, baba akiwa na mechi sebuleni, kijana chumbani hawezi kufungua chaneli nyingine kwa akaunti hiyo.

Halafu kuna kuchelewa. Picha ya intaneti hukatwa vipande vidogo, ikapita kwenye seva, ikahifadhiwa kidogo kwenye kifaa chako ndipo ionyeshwe, na yote hayo yanaweza kukuweka nyuma ya dishi kwa nusu dakika na zaidi. Nyumba zetu zimebanana. Jumamosi moja shemeji alikuwa ameinama mbele ya tivii, mpira uko katikati ya uwanja, mara banda la mpira la jirani likalipuka kwa shangwe. Alizima sauti akatoka nje, hakutaka hata kuliona lile goli. Kwa mtu anayeishi na mpira, hilo ni pungufu kubwa, na hakuna kasi ya intaneti inayoliondoa kabisa.

Kwa hiyo nyumba ambayo mpira ndio sababu ya tivii kuwapo, ibaki na dishi, ishuke hadi kifurushi cha chini chenye ligi yake, na pesa inayookolewa iingie kwenye intaneti. Ubaya wa dishi unaujua: mvua kubwa ya masika ikipiga, mawimbi yanayotoka setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta yanafifia na picha inaganda. Lakini mechi za mvua kubwa ni chache kuliko mechi za kawaida.

Tamthilia za mama nazo zilichangia uamuzi huu. Netflix ina filamu na tamthilia nyingi kuliko tunazoweza kumaliza, ila nyingi zina sauti au maandishi ya Kiingereza, na mama yangu hasomi Kiingereza. Kumwambia bibi ahame dishi kabla hujamtafutia anachokielewa ni kumnyima tivii ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nafasi ya tatu: ruta ya laini ya simu

Vodacom walianza 5G, mtandao wa simu wenye kasi kubwa, Tanzania mwaka 2022, na mitandao mingine imefuata. Ruta hizi zinauzwa kwa malipo ya mwezi, hazihitaji kuchimba wala kupanda nguzo, na ukihama nyumba ya kupanga unaondoka nayo. Kwa mpangaji anayehama kila mwaka, hii huenda ikapanda hadi nafasi ya kwanza.

Tatizo ni mnara. Mnara mmoja unagawanwa na watu wote waliouzunguka, na jioni wote wako hewani. Kabla ya kununua, weka laini ya mtandao huohuo kwenye simu, ukae nayo mahali ruta itakapokaa, utazame YouTube kwa 1080p saa tatu usiku kwa siku tatu mfululizo. Ikiganda kwenye simu, kwa ruta nayo usitarajie makubwa. Na ukishanunua, ruta ikae karibu na dirisha linaloelekea mnara. Nimeona watu wakiificha nyuma ya kabati la vyombo, halafu wanailaumu kampuni.

Nafasi ya nne: Starlink

Hii ni intaneti inayotoka moja kwa moja kwenye setilaiti. Iliingia Rwanda na Kenya mwaka 2023, na kwa walio mbali na faiba, kama shambani Laikipia au kijijini Turkana, ni mkombozi wa kweli. Naiweka nafasi ya nne kwa sababu mbili tu. Kifaa chenyewe ni gharama ya kuanzia, na kinakula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida, jambo ambalo mwenye sola ndogo atalihisi haraka. Usinunue kifaa kilichosajiliwa nchi nyingine na kuvushwa mpakani, kwa sababu huduma inaweza kukatwa ukikitumia muda mrefu nje ya nchi ya usajili.

Nafasi ya mwisho: hotspoti ya simu

Hesabu ya GB umeshaiona. Tumia hotspoti kwa filamu moja ya Jumapili, ukiwa umeshusha ubora wa picha kwenye mipangilio. Afadhali zaidi, pakua filamu kwenye simu ukiwa ofisini kwenye waifai, uje uitazame nyumbani.

Kifaa cha kuchomeka kwenye tivii

Kama runinga yako ni janja na bado inapokea masasisho, huhitaji kununua kitu. Kama si janja lakini ina tundu la HDMI, nunua kijiti au kisanduku cha Google TV chenye leseni, kwa mfano cha Xiaomi, au Fire TV Stick ya Amazon. Kama tivii yako ina matundu ya rangi tatu tu, nyekundu, nyeupe na njano, bajeti yako ianzie kwenye tivii.

Vile visanduku vya Android visivyo na jina, vilivyopangwa barazani na karatasi ya "8K", naomba uviache. Vingi havijathibitishwa na Netflix, hivyo utalipia HD na utaonyeshwa picha yenye ukungu. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, lilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyotekwa na wahalifu wa mtandaoni, vikiwamo visanduku vya namna hii, ambavyo vingine vilitoka kiwandani vikiwa na programu hasidi ndani yake. Kifaa hicho kinakaa kwenye waifai ileile inayobeba miamala yako ya simu. Na anayekuuzia kisanduku "chenye chaneli zote bila kulipia" anakuuzia wizi. Siku seva ikizimwa huna wa kumdai.

Ongeza pia UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12 kwa ajili ya ruta. Umeme ukikatika dishi na tivii vyote vinalala, lakini ruta ikiwa na UPS, watoto wanamalizia katuni kwenye tableti. Kwetu hicho ndicho kifaa kilichopendwa kuliko vyote.

Sasa huduma

Hapa ni haraka. YouTube kwanza, kwa sababu ni bure, na kwa watoto kuna vipindi vya Ubongo, shirika la Dar es Salaam linalofundisha kwa Kiswahili. AzamTV Max kwa ligi ya nyumbani na tamthilia. Netflix kwa filamu, mpango wa chini kabisa unaofanya kazi kwenye tivii, na ule mpango wa bure wa simu uliokuwapo Kenya usiutafute, ulifungwa 2023. Usilipie mbili kwa mwezi mmoja. Lipa moja, maliza unachokitaka, sitisha, hamia nyingine.

Dishi usiliuze na waya usiukate. Fundi akija kufunga faiba mwambie asiligeuze wala asilisogeze, maana kulirudisha kwenye setilaiti ni malipo mengine. Funika ncha ya waya kwa plasta isiingie maji, weka king'amuzi na rimoti yake kwenye mfuko mmoja kabatini, na andika namba ya kadi ukutani. Hatua za mtoano za Ligi ya Mabingwa Ulaya zikianza Februari unaweza kulipia mwezi mmoja, ukatazama, ukakizima tena.